Helikopta ndogo ya rimoti ya kujifunzia: ya ghorofa, ya pichi fiksi au CP?

Mtu akiniuliza anunue helikopta gani ya kuanzia huwa namrudishia swali, sebuleni kwako kuna pangaboi? Anacheka anadhani natania, ila mimi ya kwanza kabisa ilipanda wima ikakutana na pangaboi iko namba tatu, na nilichookota chini kilienea kwenye kisahani cha chai. Ilikuwa CP, ile aina ngumu nitakayoieleza hapa chini, hela nimeidunduliza miezi, hewani imekaa labda sekunde nne. Kwahiyo haya yametoka kwa mtu aliyeanzia pabaya, akarudi nyuma akanunua zile ndogo alizokuwa anazicheka, halafu ndo akapanda taratibu.

Aina ziko tatu kwa anayeanza. Kuna za mapanga mawili yamepandana, mimi naziita za ghorofa. Kuna za rota moja juu na kafeni mkiani ambazo mapanga yake yamekaza kwenye pembe moja tu, hizo ni pichi fiksi. Halafu CP (kifupi cha collective pitch), ambazo mapanga yanabadilisha pembe yakiwa yanazunguka. Pembeni ipo simuleta, programu ya kurushia helikopta kwenye skrini ya kompyuta, ambayo sio helikopta ila nitaipima kwa vipimo hivyohivyo maana kwa wengine ndo inastahili kununuliwa ya kwanza.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni hela, lakini usiangalie bei ya boksi, angalia bei ya kuanguka mara tano. Kila anayejifunza anaangusha, hakunaga ujanja hapo, kwahiyo jiulize mapanga ya akiba, gia na betri utavipata wapi na vitakuja kwa njia gani. Betri ndo zinasumbua kuliko vyote, tangu 2016 betri za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, ndo maana wauzaji wengi mtandaoni wanakutumia kila kitu isipokuwa betri. Ukiwa na ndugu anatoka Dubai au Guangzhou mwambie aziweke begi la mkononi, kila moja kwenye kimfuko chake, ncha zimefunikwa zisigusane. Ni ndogo sana hizi, hazikaribii kabisa ile wati-saa 100 ambayo abiria anaruhusiwa kubeba bila kuomba kibali.

Cha pili ni kuseti, yani kazi gani inakusubiri kabla haijaruka. Cha tatu inarukaje na inakufundisha nini. Hapa niseme kidogo maana ndipo watu wanapokwama: mkia ukiwa umekuelekea wewe, kushoto ya helikopta ni kushoto kwako, raha mustarehe. Igeuke pua ikutazame, kila kitu kinapinduka, unasukuma stiki kushoto yenyewe inaenda kulia kwako, na ubongo hauna muda wa kupiga hesabu, vidole vinatakiwa viwe vinajua vyenyewe. Hiyo ndo shule nzima ya helikopta. Drone yenye GPS ukiachia stiki inasimama inakusubiri, helikopta ukiachia stiki inaondoka.

Cha nne ikianguka inaharibika nini, cha tano unarushia wapi. Basi twende.

Za ghorofa

Rota likizunguka upande mmoja, bodi inataka kuzunguka upande wa pili. Hizi zimetatua hilo kwa kuweka rota mbili zinazozunguka kinyume, moja inafuta nguvu ya mwenzake, na juu kabisa kuna kile kijiti chenye vizito viwili kinachoituliza. Ukitaka igeuke, rota moja inaongeza kasi nyingine inapunguza. Syma S107 ndo iliyozifanya zijulikane kila mahali, nyingi sana za kwenye maduka ya vinyago ni nduguze.

Bei ni ya chini, kama dola 20 hadi 30, na inakuja kamili na rimoti. Kuseti hakuna, unachaji kwa USB, unawasha, unairekebisha na kitufe cha trimu mpaka iache kujizungusha, basi. Kuruka ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa miaka nane anaiweka juu ya kabati siku hiyohiyo, dakika saba nane betri imeisha. Ikianguka mara nyingi haina kitu, mapanga ni plastiki laini na ni nyepesi.

Ubaya wake uko kwenye inachokufundisha. Za chaneli 3 (yani unaziongoza mienendo mitatu tu) haziendi ubavuni kabisa, kakifeni ka mkiani kamelala kanainamisha pua tu mbele na nyuma, kwahiyo nusu ya kazi ya kidole cha kulia hujaigusa. Zipo za chaneli 4 zinazoenda pande zote na hizo ni shule nzuri zaidi ukizipata. Jingine, nyingi zinatumia mwanga wa infraredi kama rimoti ya tivii, ukitoka nayo juani inapoteza mawasiliano na kudondoka, na upepo hata wa kupuliza uji unaibeba. Hii ni ya ndani tu, milango imefungwa.

Inamfaa mtoto, mzazi anayetaka kujua kama mtoto ana hamu kweli au ni ya wiki moja, na mtu mzima mwenye vidole vizito anayetaka kuzoea geuza-geuza bila kupasua kitu. Mimi nilimdharau huyu mdogo, lakini kuiona pua inanitazama bila kutetemeka nilijifunzia kwake.

Pichi fiksi

Hapa sasa inafanana na helikopta unayoiona angani, rota moja, mkia una kifeni cha kuzuia bodi isizunguke. Mapanga pembe yake haibadiliki, ukitaka kupanda mota inaongeza kasi, kushuka inapunguza. WLtoys V911S ni mfano mzuri, na Blade nao walitoa 120 S.

Za kichina za aina hii ziko kwenye dola 50 hadi 80, za Blade juu zaidi. Vipuri vya zile maarufu vinapatikana kirahisi mtandaoni na ni bei ya chai na chapati, kosa ni kununua isiyo na jina, ukivunja kijipanga kimoja umeipoteza yote. Nunua na betri nne kwenda mbele, kila moja inakupa dakika tano sita, na wakati unabadilisha acha mota ipoe maana hizi za brashi (zina vipande vinavyosuguana ndani) zikichemka mfululizo zinakufa mapema.

Kuseti ni kidogo lakini kupo. Washa rimoti kwanza stiki ya mafuta (jina tu, ndo inayoongeza na kupunguza nguvu) ikiwa chini kabisa, ndo uchomeke betri ya helikopta, uiweke sehemu iliyonyooka usiiguse mpaka taa itulie, hapo jairo, kile kihisi kinachoituliza, ndo inajifunza chini ni wapi, na ukiiwasha ikiwa mkononi au kwenye godoro itaruka imepinda. Kuzima ni kinyume, betri ya helikopta kwanza, rimoti mwisho. Angalia mapanga hayana ufa na yanacheza kidogo kwenye skrubu zake. Alafu ukiiona imesimama hewani imeegemea upande kidogo usianze kuifungua, kifeni cha mkia kinaisukuma pembeni kwahiyo lazima iegemee kujibalansi, ndo ilivyo hata zile kubwa za watu.

Kuruka: siku mbili tatu za kwanza zitakutoa jasho. Kuna chaneli 4 zote, na mafuta yanachelewa kujibu, unaongeza, inafikiria, inapanda kuliko ulivyotaka, unapunguza, inafikiria, inadondoka. Unajifunza kuiwahi kabla haijafanya. Irushie kwenye vigae na sio kwenye majani, kwenye vigae ikigusa chini inateleza, kwenye majani mguu unakwama inapiga mweleka. Na usiing'ang'anie sentimita kumi toka chini ukidhani ndo usalama, hapo inapigwa na hewa yake yenyewe inayorudi toka sakafuni inayumba ovyo, ipandishe mpaka usawa wa kiuno na utashangaa inavyotulia.

Ikianguka, ukiwahi kukata mafuta kabla haijagusa hakuna hasara. Ukichelewa unapoteza panga, au kile kifimbo cha mkia, ambacho unakiunga kwa supa glu na uzi. Nje inaruka lakini hewa iwe imelala. Pwani hapa maana yake saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi, baada ya hapo upepo wa bahari umeamka, na kipindi cha kusi hata hizo saa mbili unazipigania. Wa Nairobi mna tatizo lingine, mko mita 1,600 na zaidi, hewa nyepesi, kamota kadogo kanahangaika na dakika zinapungua.

Inamfaa kijana au mtu mzima anayejua anataka kujifunza kweli, ana chumba au ukumbi, na hataki kushika spana kila jioni. Kasoro yake kubwa ni kwamba ukishaizoea hakuna pa kwenda, haipinduki, haiwezi upepo, na ile tabia ya mafuta kuchelewa itabidi uisahau ukihamia CP.

CP

Ukiwa kwenye daladala toa kiganja dirishani (konda asikuone), kilaze, kisha kiinue mbele kidogo, unaona kinavyorushwa juu? Ndivyo CP inavyopanda. Kasi ya rota haibadiliki, kinachobadilika ni pembe ya panga, na inabadilika papohapo, hakuna kufikiria. Inaweza hata kwenda chini ya sifuri, ndo maana zinaruka miguu juu. Chini ya mapanga kuna sahani inayoitwa swoshipleti, sevo tatu (vimota vidogo vya kusukuma) zinaipandisha, zinaishusha na kuiinamisha, na sahani hiyo ndo inayaambia mapanga yafanye nini.

Bei zinatofautiana sana. XK K110 ni ndogo, dola 100 na ushee, betri ya seli moja, mota ya juu ni brashilesi (isiyo na brashi, inadumu), ya mkia ni ya brashi na hiyo ihesabu kama sabuni, inaisha unanunua nyingine. OMPHOBBY M2 ni kubwa kidogo, betri ya seli tatu, juu na mkiani brashilesi bila gia, dola 300 na kuendelea kabla hata hujanunua rimoti na chaja ya maana. Ndo hapo hesabu ya kuanguka inauma, kwenye M2 kuanguka kumoja kubaya unabadili mapanga, shafti na pengine sevo, hela ya V911S nzima imeenda.

Kuseti ndo penyewe. Zinazokuja tayari kiwandani zimeshasetiwa, ila kuzikagua ni juu yako na usiamini karatasi. Kabla ya yote chomoa nyaya za mota, na ikiwa hazichomoki toa mapanga, sitanii, hizi zinakata nyama. Stiki ikiwa katikati kwenye modi ya sarakasi, swoshipleti iwe imelala sawa na pembe ya panga iwe sifuri. Sukuma stiki ya kulia mbele, sahani iiname mbele. Kisha kipimo ninachokipenda kuliko vyote: iwashe, ishike mkononi, iinamishe pua kwa ghafla, sahani inatakiwa iiname nyuma kupigana na wewe. Ikiinama mbele kukusaidia basi jairo imegeuzwa, na ukiirusha hivyo itajipigiza chini kabla hujapumua. Rudia kwa kushoto na kulia. Skrubu za mapanga zikaze kiasi kwamba ukiilaza ubavu panga halidondoki kwa uzito wake, lakini ukilisukuma kwa kidole linakunja. Halafu ukiwa unairusha, mtu mwingine asimame pembeni aangalie rota kwa usawa wa macho, akiona mistari miwili badala ya mmoja panga moja liko juu ya mwenzake, unarekebisha kijifimbo chake nusu mzunguko kwa mara.

Kitu cha mwisho kwenye kuseti, swichi ya kukata mota. Ijue ilipo hata usingizini. Watu wengi wakiona inaanguka wanavuta stiki chini kabisa kama kwenye pichi fiksi, kwenye CP unaweza ukawa unaipa pichi hasi, yani unaisukumia chini kwa nguvu na rota bado inazunguka. Bonyeza swichi, acha ianguke ikiwa imezima, utaokoa gia.

Kuruka, cha ajabu, CP iliyosetiwa vizuri inatulia hewani kuliko pichi fiksi, na upepo mdogo wala haiujali. Ugumu ni kwamba ina haraka, na kosa la nusu sekunde limeshafika ukutani. Zipo zenye msaada, K110 ina modi ya kujinyoosha yenyewe, baadhi ya Blade zina mfumo wa SAFE na kitufe cha dharura kinachoirudisha wima. Msaada huo ni mzuri wiki za kwanza ila usiolewe nao. Kwa wale wa M2 na kwenda juu tafuta miguu ya mafunzo, mimi nilifunga vijiti vya mishikaki msalaba na mipira minne ya ping-pong, wenzangu walicheka, haikupiga mweleka hata mara moja.

Sehemu: K110 inakaa kwenye ukumbi au uwanja mdogo, M2 inataka uwanja wa mpira usio na watoto, na watoto watakuja tu, wakija unatua. Nje pia kuna sheria. Kenya wana kanuni za vyombo visivyo na rubani za 2020 chini ya KCAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, Tanzania ulizia TCAA, mamlaka kama hiyo, kabla hujaagiza kuliko boksi kukwama forodhani. Walioko Marekani, ikizidi gramu 250 inasajiliwa FAA, mamlaka ya anga ya huko, na kuna mtihani wa bure wa TRUST hata kama yako ni ndogo.

Inamfaa anayependa kufungua vitu kama anavyopenda kuvirusha, mwenye subira na fungu la vipuri. Ikikuudhi kukaa jioni nzima na kioo cha kukuzia na skrubu ndogo kama chawa, hii sio yako, na sio aibu.

Simuleta

Fupi hapa. RealFlight na HELI-X ndo majina utakayoyasikia sana, unahitaji kompyuta na rimoti halisi iliyochomekwa kwa USB, kibodi na simu ya kugusa hazifundishi vidole kitu. Bei ya programu na waya inaweza kupita bei ya pichi fiksi nzima. Kuseti ni kuoanisha stiki na, tafadhali, hakikisha umechagua modi ileile ya rimoti utakayorushia kweli, wengi ni modi 2, mafuta kushoto, ukijifunza modi 1 halafu ukanunua 2 utajuta. Kuanguka ni bure, unabonyeza kitufe inarudi. Umeme ukikatika umelala. Isichokufundisha ni woga, mikono haitetemeki mbele ya skrini, na ukaguzi wa skrubu pia haupo. Ila kwa ile shule ya pua kukutazama haina mpinzani, maana unaweza kukosea mara mia mbili jioni moja.

Betri, kwa wote

LiPo, yani hizi betri za lithiamu za helikopta, ikijaa ni volti 4.2 kwa seli, usiishushe chini ya 3, na mimi natua mapema zaidi ya hapo. Usiache imejaa siku nyingi, ukiwa hurushi iweke kwenye 3.8 hivi. Usiiache kwenye gari juani. Ikivimba kama andazi imeisha, usiichaji tena, na usichaji ukalala.

Sasa wewe uko wapi

Unamnunulia mtoto chini ya miaka kumi, au wewe mwenyewe hujui kama utaipenda: ya ghorofa, ikiwezekana chaneli 4, na usimwambie kuna nyingine.

Uko kwenye chumba cha kupanga, hela ya kubana, unataka kujifunza kweli: pichi fiksi yenye jina na betri nne. Zima pangaboi.

Una kompyuta na lengo lako ni CP kabla mwaka haujaisha: simuleta kwanza, mwezi mmoja au miwili ya kila siku nusu saa, usiguse sarakasi, kaa kwenye kusimama hewani mkia kwako, ubavu, kisha pua kwako. Ukiweza pua dakika mbili bila kuirudisha, agiza K110 au mfano wake, pamoja na mapanga ya akiba na mota ya mkia kwenye oda hiyohiyo kwasababu usafiri ni uleule.

Huna kompyuta lakini lengo ni CP: pitia pichi fiksi, na siku ukihamia jiambie mafuta hayachelewi tena.

Uko mji wenye upepo, huna ukumbi, lazima urushie nje: hapo za ghorofa na pichi fiksi zitakukatisha tamaa hata kama ni rahisi, hela yako ielekee simuleta na CP ya saizi ya M2, polepole.

Na wewe uliyeshanunua CP tayari ukaibamiza, imekaa juu ya kabati na mkia umepinda: usiiuze kwa hasira. Angalia kwanza bei ya kile kilichovunjika tu, shafti na mapanga kwa kawaida, kisha nunua pichi fiksi ya kuchezea wakati unasubiri mzigo. Yangu ilisubiri miezi saba, na siku iliporuka tena nilikuwa uwanja wa shule, alfajiri, mbali na pangaboi.